Mtoto wa Kusimama Dede katika Maandiko ya Kiswahili

Mtoto katika maandiko ya Kiswahili huingia akiwa amekwisha kupata masikio. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipotunga utendi wake mwaka 1858, alimwita binti yake aje karibu na wino na karatasi. Basi binti huyo alikuwa amekwisha kuupita umri wa kuangusha kidau cha wino na kuipaka karatasi kwa viganja vyake. Shaaban Robert naye aliwatungia wanawe tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mwana, akazitia pamoja na habari za maisha yake. Nazo ni tenzi za mzazi asemaye na mtu wa kesho, aliyewekewa maneno kama mtu awekewavyo akiba, ayakute atakapokua. Desturi hii ni ya heshima, na lugha ingalikuwa maskini kama isingalikuwako. Walakini imeacha pengo. Kati ya kichanga kilichofungwa mbelekoni na mwana anayekalishwa chini apewe mawaidha, yuko mtoto wa tatu, wa mwaka mmoja hata miaka mitatu: aliyechoka kutambaa, anayesimama dede, anayepiga hatua nne akaanguka, anayeshika kila kilicho karibu na ambaye katazo kwake ni sauti tu kama sauti nyingine. Huyo hasemezeki kwa utenzi. Nyumba nzima humzunguka yeye mchana kutwa, lakini vitabu humruka kama mtu arukavyo kizingiti.

Huenda mtu akajibu kwamba mtoto wa umri huo hana kisa, na asiye na kisa hafai kuandikwa. Jibu hilo halitoshi. Kisa ni haja na kizuizi, na ni vigumu kumpata mtu mwenye haja nyingi na vizuizi vingi kumshinda mtoto aliyeanza kutembea juzi. Ataka moto, ataka kisu, ataka kifaranga, ataka ziwa alilokwisha kulikizwa. Na kila mara mkono mkubwa humwondoa. Lililo kweli zaidi ni kwamba haja zake hazina funzo. Akikatazwa moto leo na kuurudia kesho, hapana tabia mbaya iliyoadhibiwa wala tabia njema iliyotuzwa. Sanaa iliyozoea kumalizia kwa funzo humwona mtoto huyu kuwa hana mwisho, na jambo lisilo na mwisho ni taabu kulianza.

Yafaa neno hili lipimwe mahali penye watu, si hewani. Ipililo ni kata ya Wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu uliotengwa mwaka 2012 na kuwekewa makao yake makuu Bariadi. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba, mtama, viazi vitamu na ng'ombe, mbali na pwani ambako ushairi wa Kiswahili ulizaliwa. Mwanafunzi atokaye huko hufika chuoni akikijua Kiswahili barabara. Lakini wazazi wake, na hasa bibi yake, aghalabu walimlea kwa Kisukuma. Kwa hiyo yeye ni shahidi mzuri katika daawa hii. Akiulizwa ni kitabu gani cha Kiswahili kilichoiandika nyumba aliyokulia, atataja vitabu vilivyoandika shule, mji, ndoa, siasa na ulevi. Nyumba yenyewe, pamoja na yule mdogo aliyeitawala, ataitafuta sana.

Na utawala huo si mzaha. Katika kaya iliyozungushiwa ua wa minyaa, saa za kazi hupangwa na usingizi wa mtoto kuliko na jua. Mama hujaribu kwenda kisimani kabla mtoto hajaamka. Mtoto akimwahi, basi safari ya maji ni ya watu wawili, mmoja yu mgongoni na ndoo i kichwani, wala mwendo wake si ule wa mtu aliye peke yake. Uji wa nyumba nzima hungoja bakuli moja lipoe. Mafiga matatu, ambayo wasemaji hupenda kuyafanya mfano wa umoja, kwa mtoto huyu ni viti vitatu vilivyozunguka kitu chekundu kizuri. Mchi, jembe lililoegemezwa ukutani, ndama aliyefungwa, ndoo iliyojaa maji: kila chombo cha kazi hugeuka kuwa hatari kwa kimo cha mtu afikaye magotini. Mtunzi atakaye kuiona nyumba upya na ainame hata kimo hicho, naye ataona kwamba nyumba hiyo haijapata kuandikwa.

Zamani kazi ya kumwangalia ilimwangukia dada wa miaka saba au minane, ambaye humbeba ubavuni mtoto anayekaribia nusu ya uzito wake, akacheza naye, akamsahau, akamkumbuka. Wakati wa kupalilia pamba wawili hao hukalishwa chini ya mti kando ya shamba, na mama hulima akigeuka kila mstari. Baada ya mpango wa elimu kwa wote wa miaka ya 1970, na baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliyowalazimu watoto kwenda shule ya msingi, yule dada akaenda darasani, na mtoto akarudi mikononi mwa mama na bibi saa zote za asubuhi. Hilo ni badiliko kubwa katika maisha ya nyumba. Lilibadili mgongo ambao mtoto hukua juu yake, na sauti ambayo huisikia zaidi: hapo kwanza ilikuwa sauti ya mtoto mwenzake, sasa ni ya mtu mzima mwenye haraka au ya mzee asiye na haraka. Waandishi wa riwaya za miaka ile waliandika mengi juu ya vijiji vya ujamaa na juu ya vijana wakimbiliao mijini. Jambo hili dogo, lililoingia katika kila kaya, halikuwashughulisha.

Tena kuna adabu. Wasukuma ni watu wa salamu. Asubuhi mgeni huambiwa "Mwangaluka," na wanawake na wasichana huwapigia wakubwa goti. Mtoto asimamaye dede ndiye mtu mmoja tu katika kaya asiyefungwa na sheria hiyo. Humwendea mgeni moja kwa moja, akaishika fimbo yake, akatia mkono katika kikombe chake, akamtazama usoni kwa muda ambao mtu mzima yeyote angeona haya kuutumia. Mkononi ana kipande cha matobolwa alichokitafuna tangu asubuhi. Mbuzi aja akamnyang'anya. Yeye aketi chini kwa kishindo akalia. Mazungumzo ya wazee juu ya mahari au mpaka wa shamba hukatika, na wote hucheka, hata yule aliyekuja na neno la kugombana. Katika tukio la namna hii hapana aliyefundishwa kitu, na kila mmoja amebadilika kidogo. Ni nafasi ambayo mwandishi wa hadithi angepaswa kuionea wivu.

Lakini kusema kwamba mtoto huyu hafundishwi si kweli yote. Kama ni wa kike, mama au bibi humshika mabega, akamkunja magoti mbele ya mgeni, kisha humwinua. Hapana neno lililosemwa ambalo yeye alielewa. Goti linajifunza kabla ya ulimi. Ushairi wa mawaidha hauwezi kuyaeleza mafundisho haya, kwa kuwa wenyewe umefanywa kwa maneno na hudai msikilizaji. Nathari ya hadithi yaweza, maana nathari yaweza kuonyesha mkono juu ya bega na kunyamaza. Kwa hiyo pengo lililotajwa si upungufu wa mada tu. Ni dalili kwamba nathari ya Kiswahili kwa muda mrefu iliendelea kufanya kazi ya utenzi, nayo ina uwezo wake wenyewe ambao haikuutumia.

Si kwamba habari za malezi hazikuandikwa kabisa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye Carl Velten alizichapa kazi zake Ujerumani, katika *Desturi za Wasuaheli* (1903) alieleza habari za mimba, za uzazi na za malezi kwa Kiswahili chepesi kilicho safi hata leo. Kitabu hicho ni hazina. Ila "mtoto" wa Mtoro ni kila mtoto. Hana jina, haugui siku ya Jumanne, hapendi chungu kimoja kuliko kingine. Hufanyiwa yale yafanywayo. Vivyo hivyo, Hans Cory alipokusanya sheria na mila za Wasukuma katika kitabu chake cha mwaka 1953, mtoto alitokea hasa kama swali la ng'ombe: mahari ikilipwa ni wa baba, isipolipwa ni wa ukoo wa mama. Sheria haina budi kuuliza hivyo. Lakini msomaji aliyetoka Ipililo, akikifunga kitabu cha Cory, atajua mtoto ni wa nani na hatajua mtoto yukoje.

Nyimbo za kubembelezea zingetazamiwa kulijaza pengo hili, nazo hulijaza kwa nusu. Nyingi katika hizo, za pwani na za bara, husemwa na mtoto lakini hazisemi habari zake. Mama aliyechoka huzungumza na mawifi, na mume asiyerudi, na jirani mwenye maneno. Mtoto ni pazia ambalo nyuma yake yaweza kusemwa yale ambayo hayasemeki wazi. Ni hila nzuri ya sanaa, na wanawake wa Afrika ya Mashariki wameitumia kwa ustadi. Hata hivyo pazia halitazamwi. Na tamthilia na riwaya za baada ya Uhuru zilimfanyia mtoto mambo ya namna hiyo hiyo. Katika *Hatia* (1972) ya Penina Muhando mimba ndiyo kesi yenyewe, na watu wazima hushtakiana juu yake. Katika *Kichwamaji* (1974) ya Euphrase Kezilahabi huzaliwa watoto wenye vichwa vikubwa kupita kiasi, na vichwa hivyo hubeba fikira ya kitabu kizima juu ya ugonjwa wa kizazi kilichoelimishwa. Kezilahabi alikuwa msanii mkubwa na alijua alilolitaka. Lakini mtoto aliyeumbwa awe ishara hana siku ya pili ya kuamka na kuchafua mkeka.

Ajabu ni kwamba kisiwa kile kile alichozaliwa Kezilahabi kilimtoa mtu aliyefanya kinyume cha hayo. Mto Simiyu, ulioupa mkoa jina lake, humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, na upande wa pili wa ghuba hiyo ndiko kuliko Ukerewe. Huko Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisionari Wakatoliki, alimaliza mwaka 1945 hadithi ndefu kwa Kikerewe. Baadaye aliigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa katika vitabu viwili na Tanzania Publishing House mwaka 1980 kwa jina la *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Mzee Kitereza alifariki mwaka 1981. Miaka 35 ilipita kati ya kalamu na chapa.

Kisa chake chasimulika kwa maneno machache. Myombekere na Bugonoka wapendana na hawana mtoto, jamaa za mume wanung'unika, wazazi wa mke wamchukua binti yao, mume aomba arudishiwe, naye atozwa mitungi sita ya pombe ya ndizi, mke arudi, mganga atafutwa, azaliwa mwana, Ntulanalwo, kisha binti, Bulihwali. Msomaji wa Maswa atatabasamu kwa ile pombe ya ndizi, maana kwake pombe ni ya nafaka, na nchi yake haina migomba ya kutosha kumkomboa mke wa mtu. Lakini kaya ataijua. Ataujua ugeni unaochukua kurasa nzima za salamu, ataijua aibu ya mwanamke asiye na mtoto, na ataijua hofu ya mwanamke mwenye mtoto mmoja.

Wako wahakiki waliokiita kitabu hiki mkusanyo wa mila uliovikwa nguo ya hadithi, nao wana sababu. Kitereza hapiti penye mtego wa samaki bila kueleza ulivyosukwa. Mwendo wake ni wa polepole hata mwanafunzi wa mtihani hukata tamaa. Hata hivyo lawama hiyo yaachia jambo moja bila kulipima. Mwendo wa polepole ndio mwendo wa nyumba yenye mtoto. Katika kaya ya namna hiyo hakuna tukio kubwa. Kuna kula, kulala, homa, kupona, mgeni, mvua, homa tena. Mwandishi aliyezoea kupima kisa kwa matukio yake angeiruka miaka hiyo kwa sentensi moja: "mtoto akakua." Sentensi hiyo imo katika hekaya nyingi sana, na kila mara yasema uongo, maana hapana mzazi aliyeipata bure. Kitereza aliikataa. Alikaa na mtoto hata akakua kweli, mbele ya macho ya msomaji, pamoja na dawa zake, na hofu za wazazi wake, na majirani wajao kutazama.

Jina lenyewe la mwana huyo lina kivuli. Ntulanalwo ni mtu akaaye siku zote pamoja nacho, yaani kifo. Mzazi aliyempa mwanawe jina la namna hiyo hatumaini kwa sauti kubwa. Na hapa habari za mwandishi haziwezi kuachwa nje, ingawa uhakiki mzuri huogopa kuzitegemea: watoto aliozaa Kitereza na mkewe walikufa wakingali wadogo, na wazee hao wakabaki peke yao. Mtu aliyempa Myombekere na Bugonoka mwana wa kuishi, akamtazama kwa saburi ile, akamkuza hata akaoa, alijua kwa uchungu ni kurasa ngapi zinazotakiwa kati ya kusimama dede na kuoa.

Pamoja na hayo, kasoro iko. Ntulanalwo mdogo huogopewa kuliko atazamwavyo. Ugonjwa na dawa huchukua nafasi kubwa, na utundu huchukua nafasi ndogo. Msomaji aliyewahi kumwona mtoto wa Ipililo akikimbizana na mbuzi kwa ajili ya kipande cha kiazi atamtaka Ntulanalwo awe na siku moja mbaya ya namna hiyo, siku ambayo wazazi wanakasirika badala ya kuogopa. Hofu ya Kitereza ni ya kweli, lakini mtoto ni zaidi ya hofu ya wazazi wake. Hapo kazi ilibaki, na mwandishi atakayeifuata njia ile hatakuwa anarudia.

Kwa nini Kitereza aliweza hata kufika hapo, na wengine wenye ufundi kumpita hawakufika? Sababu moja ni kwamba hakuandika kwanza kwa Kiswahili. Aliandika kwa lugha ambayo watoto wa nyumba yake walibembelezwa kwayo, kisha akaichukua hadithi nzima, pamoja na mtoto wake, akaivusha. Waandishi wengi wa bara walikipata Kiswahili kwenye mlango wa shule. Lugha iliyopatikana penye mlango huo ina maneno ya mwalimu, ya hakimu, ya gazeti na ya mkutano. Na mwandishi akiitumia kurudi nyuma hadi utoto wake wa kwanza, huona giza, kwa sababu huko hakuwa akiisikia. Ndipo hadithi zake huanza na mtu wa miaka saba aliyebeba ubao, kana kwamba alizaliwa siku hiyo.

Sababu hii haitoshi peke yake. Watu wa pwani walibembelezwa kwa Kiswahili, nao wamemwandika mtoto huyu kidogo tu. Wala si kwa upungufu wa maneno. Lugha ya pwani ina mtoto wa kusota na wa kutambaa na wa kusimama dede. Ina mbeleko na kulikiza. Ina kigego, yule aotaye meno ya juu kwanza akawatia watu wazima mashaka. Ina kifunguamimba na kitindamimba. Tena sarufi yake humruhusu msemaji kuchagua kati ya "mtoto analia" na "kitoto kinalia," na kati ya hayo mawili kuna tofauti nzima ya moyo. Kamusi imejaa vitu ambavyo hadithi haikuvitumia. Kwa hiyo mila ya adili na mlango wa shule vimefanya kazi pamoja: pwani mtoto alikuwa na maneno na hakupewa hadithi, bara alikuwa na hadithi kila siku, na maneno yake yakabaki nyumbani.

Na nyumbani huko maneno yenyewe hayadumu. Kaya nyingi za Simiyu leo zina redio na simu, na wako wazazi vijana wanaosema na watoto wao kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza ili wasipate taabu shuleni. Hakuna sababu ya kuwalaumu. Ila mtoto anayelelewa hivyo hupokea Kiswahili cha amri na maswali, kile ambacho mzazi alikipokea darasani, na maneno laini ya Kisukuma aliyosemeshwa mzazi huyo na bibi yake hayahami pamoja naye. Majina yangali yanafanya kazi: Kulwa na Doto kwa mapacha, Shija kwa amfuataye pacha, Mabula na Kabula kwa mwana na binti wa wakati wa mvua, msomaji Msukuma akiliona jina la Shija katika ukurasa amekwisha kujua kwamba kabla yake nyumba ilikuwa na wawili, hai au wamekufa, na mwandishi hana haja ya kueleza. Jina moja ni sura nzima ya riwaya. Waandishi wa Kiswahili huyatumia majina haya kwa watu wazima, makarani na madereva, na historia ile ya kuzaliwa iliyomo ndani yake hulala bila kuguswa.

Mwanafunzi wa Ipililo atakayejaribu kuiandika kaya yake atakutana na shida hii mapema, katika ukurasa wa kwanza au wa pili, mahali ambapo mtoto asema neno lake la kwanza. Neno hilo ni "mayu." Akiandika "mama," sentensi itakwenda vizuri, na mtoto atakuwa amehamia nyumba nyingine. Akiandika "mayu," msomaji wa Tanga au wa Lamu atasimama kidogo; basi mwandishi itambidi amweke mtoto katikati ya ua, mikono ameinyosha, miguu yatetemeka, na mwanamke mwenye ndoo kichwani anaingia langoni asiweze kuinama.